Ushauri: Naandika kitabu cha ukoo, nimekwama sura ya Nachingwea

MwanaMikindani: Wakuu, shikamooni. Naandika historia ya ukoo wetu. Kilichonisukuma ni kumbukumbu za Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, zilizochapishwa 1886. Yule mama alianza kwa kuwaandikia wanawe tu, lakini ukisoma unajua mpaka nani alikaa wapi wakati wa kula. Babu yangu alikwenda vibarua Nachingwea, ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Ya visiki na matrekta nimejaza kurasa. Ya nyumbani hayaendi. Bibi alifariki sijazaliwa. Nianzie wapi?

Kungu_Lindi: Andika kila kitu mkuu! Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi Tendaguru, Wajerumani walipochimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, 1909 hadi 1913. Ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi kasimama Berlin, na sisi hata jina kamili la mzee hatulijui.

MamaNewala: Mwanangu, ya wazee yasitiri. Marehemu hajitetei.

Fundi_Masasi: Babu alikaa Nachingwea muda gani, na huku nyuma alizaliwa nani?

MwanaMikindani: Huko sikutaka kufika. Mradi ulivunjwa 1951, na kabla ya hapo babu hakukanyaga nyumbani. Mama mkubwa kazaliwa 1950. Yupo hai, hajui lolote. Ila jamani, historia ni historia, na pesa ya kuchapa nimeshalipa nusu pale stationery.

Fundi_Masasi: Salme naye kaandika mazito. 1859, binti wa miaka 15, alikuwa karani wa Barghash, akimwandikia barua za njama dhidi ya Sultani Majid, wote kaka zake. Lakini mkono ulioandika barua ni wake. Wewe unaanika la bibi, na atakayeumia ni mama mkubwa. Kitabu kizima, wewe mwenyewe uko wapi?

Pweza_Kavu: Chai hii. Bibi kafa hujazaliwa, siri kakwambia nani?

MwanaMikindani: Si chai. Ni bibi mdogo, mdogo wake bibi. Alikuwa anachambua kisamvu. Alipofika kwenye jina la yule mwanaume vidole vikasimama, akatazama mlangoni, kisha akalitaja kwa sauti ya chini. Rekodi ninayo kwenye simu.

Pweza_Kavu: Anajua ulimrekodi?

MwanaMikindani: Hapana.

MamaNewala: Subhanallah. Mtu mzima amekuamini, mwanangu.

Fundi_Masasi: Hayo ya kisamvu na mlango umeyaona kwa macho yako. Hiyo ndiyo sura uliyoikosa, na hata hiyo mwombe ruhusa kwanza. Jina liache. Mama mkubwa akiambiwa, aambiwe na bibi mdogo, asikutane nalo kitabuni. Piga simu stationery sasa hivi.

MwanaMikindani: Nimepiga. Jalada limeshatoka, ndani bado. Nimewaambia wasubiri.