Mrejesho: Utafutaji wa wakulima kwa namba ya simu

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kumtafuta mkulima kwa namba ya simu katika hifadhidata ya MySQL ya chama chetu cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma kulichelewa mno, ilhali safu ya namba hizo ina faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji. Namshukuru sana aliyenishauri nitangulize EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi MySQL itakavyotafuta, kwani ilionyesha ALL, yaani jedwali zima lilikuwa likisomwa mstari kwa mstari.

Namba zimehifadhiwa kama maandishi, na ndivyo inavyopaswa, maana sifuri ya mwanzo ingepotea. Lakini programu ilizituma bila alama za nukuu, hivyo MySQL ikazichukua kama namba. MySQL inapolinganisha maandishi na namba hugeuza vyote kuwa namba, na kwa kuwa '0754' na '754' huwa kitu kimoja baada ya kugeuzwa, faharasa ya maandishi haiwezi kutumika. Tulipoirekebisha programu itume maandishi, ALL ikawa ref, yaani faharasa inatumika, na sasa karani wa mizani hulipata jina kabla kreti halijashushwa. Kuongeza kumbukumbu (RAM) ya seva, kama wengine walivyopendekeza kwa nia njema, hakukuhitajika.