Mkuu wa shule akibadilika mbona shule nzima inabadilika?

Mwl_Chaki: Wadau hivi inakuwaje mkuu mpya anaingia, walimu wale wale, wanafunzi wale wale, ila ghafla stafu imenuna, watu wanafundisha kipindi chao wanasepa? Ni uongozi wake au sisi ndo tatizo?

Kipanga: Ni yeye. Watu wanaangalia anachofanya sio anachosema kikaoni, akimfokea mwalimu mbele ya darasa kesho huyo mwalimu nae anawafokea watoto, inashuka hivyo hivyo mpaka kwa monita.

bintiwakwanza: Ubabe mbaya ila mkuu asiyejali nae ni balaa. Mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walichapisha utafiti wao 1939, wa vikundi vya wavulana: kiongozi mbabe akitoka chumbani kazi inalala, anayeshirikisha akitoka watu wanaendelea, na yule anayeacha kila mtu afanye anavyotaka, kazi ilikuwa kidogo kuliko wote.

Mwl_Chaki: Hiyo ya kutoka chumbani ndo sisi kabisa 😂 gari lake likivuka geti tu stafurum inachangamka

Kipanga: Basi ombeni kikao, ajenda mpange nyie, hata ratiba ya zamu tu, muone kama atabadilisha kitu