Babu, bibi na mjukuu Kampala siku ya mvua: tupeane uzoefu

Mpangaji wa Ntinda
Leo saa nane mchana mvua imenibana Wandegeya, nikakimbilia sheli pamoja na watu wa boda. Pembeni yangu kasimama mzee, kanzu imelowa hadi magotini, koti lake kamvika mjukuu. Lafudhi ya Tanga kabisa. Ananiuliza, "Mwanangu, mvua ya huku hukatika saa ngapi?" Nikamkumbuka mama alivyokuja na mwanangu kutoka Kisumu mwaka 2019, siku nne za safari, siku nne za mvua. Mliowahi kupokea wazee na wajukuu hapa mjini, na wazee wenyewe kama mpo, leteni visa. Si vile vya ubalozini.

Mama Pacha
Yetu iliharibikia mpakani Busia kabla hata ya Kampala. Wakwe zangu walivuka na vitambulisho vyao vya Kenya, hakuna aliyewauliza zaidi. Mtoto ndiye akakwama. Hana pasi, na cheti cha kuzaliwa kimebaki Bungoma juu ya friji. Saa tatu nzima kwenye benchi, hadi mume wangu akakileta kwa boda, kakifunga kwenye kaveera tatu, mifuko ya plastiki. Yeye mwenyewe kalowa kama kuku.

Ras Kireka
Hiyo ya cheti kweli tupu. Na barua ya ruhusa ya wazazi msisahau.

Bibi wa Kashozi
Mada hii imenichoma, wanangu. Aprili 2018 mimi na mzee wangu tulimleta mjukuu, miaka sita, kumwona mama yake anayefanya kazi huko. Mpakani Mutukula tulipita salama, barua ya baba mtu nimeikumbatia kama Msahafu. Jumamosi mzee akataka suruali za mtumba, tukaenda soko la Owino. Wingu likapanda kutoka ziwani, nikasema turudi. Akanijibu kwamba yeye kalelewa na mvua ya Bukoba. Haya.

Haikupita nusu saa mfereji wa Nakivubo ukafurika. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia vichochoroni, yanabeba viatu, ndoo, maganda ya matoke. Wauzaji wanavuta maturubai, watu wanasukumana. Mkono huu nimemshika mtoto, huu mwavuli. Upepo ukaupindua mwavuli, nami kwa ujinga wangu nikaudaka kwa mikono miwili. Kugeuka, mtoto hayupo.

Sauti ilinikauka. Mzee ndiye aliyeita, akaita, na bati zinamshinda. Tulifika hadi ukingoni mwa ule mfereji. Nikayatazama yale maji na kuanza kupanga maneno nitakayomwambia binti yangu. Mpaka leo nayakumbuka yale maneno, neno kwa neno.

Kumbe mtoto kapanda juu ya meza ya mama mmoja muuza mabeseni, analia "Bibi! Bibi!" Na huko kwa Kiganda, nimekuja kuelezwa baadaye, bibi ni kama kusema vitu vibaya. Bibi mwenyewe wanamwita jjajja. Basi watu wanapita wanashangaa, huyu mtoto kaona mabaya gani? Yule mama ni wa Mbarara. Mtoto alipochanganya Kihaya akamwelewa, maana Kihaya na Kinyankole ni watoto wa nyumba moja. Akamtuma mchukuzi apite akiuliza nani kapoteza mtoto wa Bukoba.

Mwavuli sijui uliishia wapi.

Mama Pacha
Nimesoma nikiwa nimewashika wangu wote wawili.

Fundi Simu Kisenyi
Bibi shikamoo. Suruali mzee alipata?

Bibi wa Kashozi
Marahaba. Mbili. Moja ilikuwa imelowa, akapunguziwa.

Eldoret Mpaka Kampala
Tatizo ni Waganda kukataa Kiswahili. Mtoto angekuwa Nairobi angeeleweka dakika ya kwanza.

Ras Kireka
Tumekataa wapi? Baraza la Mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni.

Eldoret Mpaka Kampala
Kupitisha na kufundisha ni vitu viwili. Binti yangu anasoma hapo hapo, mwalimu wa Kiswahili hajamwona.

Fundi Simu Kisenyi
Jamani, bibi wa watu kapoteza mtoto, nyie mnagombea ngeli.

Mzaliwa wa Bwaise
Mnailaumu mvua bure. Mji huu ni vilima. Maji yote hushukia mabondeni, na mabondeni kulikuwa na mafunjo yanayoyanyonya. Tumeyafukia, tumejenga, mimi nikiwemo. Jiko langu limekaa juu ya matofali manne. Wageni wazee wapangishieni kilimani, ndiyo dawa.

Konda Mstaafu
Sisi taksi ilizima Clock Tower, maji yamefika kwenye ngazi ya mlango. Vijana wakaja kubeba watu mgongoni, elfu mbili kila kichwa. Babu akakataa katakata kubebwa mbele ya mjukuu. Mjukuu alibebwa, babu akavuka kwa miguu na kiatu kimoja.

Mama Pacha
Mvua ikinyesha wapelekeni Makumbusho pale Kira Road. Yapo tangu 1908, na yana paa.

Ras Kireka
Watoto hawataki mikuki na vyungu. Wapeleke Entebbe wakaone wanyama.

Konda Mstaafu
Kwenye mvua mnyama gani atatoka? Wakae nyumbani, wakaangiwe rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, walale.

Mwalimu wa Jinja
Wasije Aprili. Waje Julai.

Mpangaji wa Ntinda
Shule za kwao zinafunga kwa mvua yenu? Yule mzee wa sheli, kwa taarifa, mvua imekatika saa kumi na robo. Nimewatafutia boda mbili. Yeye alitaka moja, yeye, mtoto na begi.

Mama Pacha
Na ungekubali ningekutafuta.

Mgeni Mwanza
Habari zenu. Mimi na mama tunakuja Alhamisi na mtoto wa miaka mitatu. Naye anatakiwa kadi ya homa ya manjano?

Bibi wa Kashozi
Kuanzia mwaka mmoja, mwanangu. Kachanjwa lini?

Mgeni Mwanza
Bado. Nilitaka nimpeleke kesho.

Bibi wa Kashozi
Kadi inahesabiwa siku 10 baada ya sindano.

Mgeni Mwanza
Basi Alhamisi imeota mbawa.