Naomba ushauri: Newton anatokaje ndani ya kwanta?

Habari zenu wakuu. Najisomea mekanika ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo sana kama atomu) na kuna mahali nimekwama: sheria za mwendo za Newton, tunazoziona kwenye vitu vikubwa, zinatokaje ndani yake?

Kwanta inasema kila kitu kinachokwenda kina wimbi lake. Kwamba mawimbi hayo hayaonekani kwenye vitu vikubwa, hapo sina ugomvi. Mpira wa gramu 150 ukienda mita 30 kwa sekunde, urefu wa wimbi lake ni kama mita 1.5 × 10⁻³⁴. Nani ataliona?

Kinachonisumbua ni teoremu ya Ehrenfest ya 1927. Wastani wa mwendo wa chembe hufuata wastani wa kani, sawa. Lakini wastani wa kani si lazima uwe kani iliyopo pale kwenye wastani wa mahali, labda kani iwe haibadiliki, au iwe inabadilika sawia na umbali, kama ya springi. Chembe ikiwa nusu kushoto nusu kulia, wastani wake unaangukia katikati, ambako pengine haipatikani kabisa! Newton hapo anaingiaje?

Nasikia jibu ni dikoherensi, yaani hewa na mwanga kufuta mwingiliano wa mawimbi. Je, nianze na hiyo, au nimalize kwanza njia ya mwanafizikia Feynman ya kujumlisha mapito, yaani njia zote ambazo chembe ingeweza kupita? Kalkulasi na matriki sina shida nazo.