Naomba ushauri: naandika historia ya Yeovil Town, nianzie wapi?

Habari wakuu. Naandaa makala ya Kiswahili kuhusu Yeovil Town, klabu ya mji mdogo wa Somerset, Uingereza, uliojulikana kwa kutengeneza glavu.

Wengi wanaoijua wanajua mechi ya Kombe la FA ya Januari 1949 tu. Klabu ilikuwa nje ya madaraja yote ya ligi ya kulipwa, uwanja wao wa Huish ulikuwa umeinama upande mmoja, kocha Alec Stock mwenyewe akicheza na kufunga. Wakaitoa Sunderland ya daraja la kwanza 2-1, dakika za nyongeza! Raundi iliyofuata Manchester United wakawapiga 8-0, mbele ya watazamaji zaidi ya 80,000 pale uwanja wa Maine Road, Manchester.

Mimi kinachonigusa zaidi ni miaka mingi baada ya hapo, kwani ligi ya kulipwa waliingia 2003 tu. Nani aliibeba klabu muda wote huo?

Naombeni ushauri: nianze na mechi ya Sunderland, au na mji na viwanda vyake? Na aliyewahi kuandika historia ya klabu ndogo, kumbukumbu za mashabiki wazee ulizikusanyaje ukiwa mbali?