Deni la pamoja kwenye AMCOS za tumbaku Tabora: lifutwe au libaki?

Mabani_Kaliua
Wana Tabora, habari zenu. Masoko ya tumbaku yanakaribia na kilio ni kile kile. Pembejeo zinakuja kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na chama kizima kinadaiwa kama mtu mmoja. Asiyeleta tumbaku sokoni, deni lake linabebwa na aliyeleta. Chukulia AMCOS ya wanachama 80, kila mmoja kachukua pembejeo za dola 400. Watu 12 wasipoleta hata mtumba (robota la tumbaku) mmoja, pengo ni dola 4,800, na wanaoliziba ni wale 68 waliobaki. Msimamo wangu: dhamana hii ifutwe. Kila mkulima adaiwe kwa jina lake, na kampuni iliyoleta pembejeo ibebe sehemu ya hasara. Faida ya hili jani haigawanywi kwa wanachama 80, kwa nini hasara igawanywe? Karibuni kwa hoja.

Ujiji_Ziwani
Salaam kutoka Kigoma. Hoja nzito hiyo, ila tuambiane ukweli. Tumbaku ya hao 12 haikunyauka shambani, imeuzwa kwa vishada, walanguzi wa njia za panya wanaolipa taslimu bila kukata deni. Mchana mnalia deni la pamoja, usiku mnapakia. Na kwetu Kasulu na Kibondo ni hivyo hivyo, sifichi. Juu ya hapo halmashauri inamkata mkulima ushuru wa asilimia 5. Hapo kuna kitu kinabaki?

Mama_Mitumba
Ndugu yangu wa Ujiji, hilo la "usiku mnapakia" limenichoma na silipitishi. Unajua tumbaku inavyopotea kabla haijafika ghalani? Mvua ya mawe ya nusu saa inatoboa shamba zima, na jani lililotoboka halina daraja la ubora. Mbolea ikifika Januari wakati miche imehamishiwa shambani tangu Novemba, jani linakuwa jembamba, halina uzito. Halafu njoo kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Siku mbili za mwanzo unashikilia nyuzi joto 35 hadi 38 za Selsiasi jani ligeuke manjano, ndipo unapandisha taratibu mpaka kama nyuzi 70 ili uti wa jani ukauke. Ukikimbiza moto, jani linakauka likiwa na kijani. Ukichelewa, linageuka kahawia. Jani moja likichomoka kwenye kijiti likadondoka juu ya bomba la moto, bani zima linateketea na tumbaku yote iliyomo, kazi ya wiki nzima. Huyo bani lake limeungua naye ni mlanguzi? Naye yumo kwenye hao 12.

Ujiji_Ziwani
Dada, sijamwita mtu mwizi, nimesema vishada wapo. Bani kuungua ni ajali na inaonekana, jirani wote wanajua. Mtumba kupita porini saa 8 usiku si ajali.

Sikonge_Juu
Wote mnagusa kitu kimoja bila kukiunganisha. Kwanza nimrekebishe mtoa mada: pengo halikatwi kwa kichwa, linakatwa kwa kilo, na hapo ndipo sumu ilipo. Tuseme wale 68 wameleta kilo 61,200, wastani wa kilo 900 kila mmoja. Dola 4,800 gawanya kwa kilo hizo, ni kama senti 8 za dola kwa kilo. Aliyeleta kilo 500 anakatwa kama dola 39. Aliyeleta kilo 1,500, yule aliyekesha kwenye bani, anakatwa dola 117 na ushee kulipia watu wasio ndugu zake. Kwa dola moja shilingi 2,500 hizo ni zaidi ya 290,000.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake msimu unaofuata. Anajua kila mtumba anaopeleka chamani unakatwa deni lake, kisha deni la wengine. Mlanguzi anakuja na bei ya chini lakini fedha iko mkononi. Atapeleka mitumba ya kumaliza deni lake, iliyobaki atauza pembeni. Kilo za chama zinapungua, na pengo lile lile sasa linagawanywa kwa kilo chache zaidi. Makato kwa kilo yanapanda, wengine nao wanatoroka. Kwa hiyo ndugu wa Ujiji, vishada ni mtoto wa deni la pamoja. Ukimfukuza mtoto ukamwacha mzazi, atazaa mwingine.

Katibu_Mstaafu
Vijana, mnabomoa nyumba mvua ikinyesha. Benki haimkopeshi mkulima wa ekari moja asiye na hati ya ardhi. Inakikopesha chama kwa sababu wanachama wanadhaminiana. Ondoeni dhamana, wenye ekari 10 watapata pembejeo na wa ekari moja watakuwa vibarua wao. Ushirika huu ulishauawa mara moja, vyama vikuu vya ushirika vya mikoa vilipofutwa 1976, na mpaka viliporudishwa kwa sheria ya 1982 mkulima hakuwa na pa kusemea. Na msisahau: nusu ya matatizo ni mbolea ya tumbaku kupelekwa kwenye mahindi. Hilo halisababishwi na benki wala kampuni.

Mama_Mitumba
Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini la mahindi usilitaje kama uhuni. Desemba mpaka Februari ndiyo miezi ghala la chakula liko tupu, na ndiyo miezi tumbaku inayotaka mikono kuliko wakati wowote. Mkopo unaleta mbolea ya tumbaku, ya mahindi hauleti. Unategemea mama afanye nini? Na anaumia mara mbili, kwa sababu mbolea ya tumbaku, NPK (naitrojeni, fosforasi, potasiamu), ni 10:18:24. Naitrojeni ni asilimia 10 tu, nayo ndiyo mahindi yanayoililia. Mahindi yanatoka ya manjano, tumbaku inatoka nyepesi, deni linabaki vile vile. Dawa ni mkopo uje na mfuko wa mbolea ya mahindi kwa kila kaya, uandikwe wazi. Mwenye njaa hawezi kulinda mbolea ya mtu.

Katibu_Mstaafu
Marahaba mwanangu. La mfuko wa mahindi nakubali. La dhamana bado.

Mabani_Kaliua
Turudi kwenye mada. Kwanza ushuru: si asilimia 5. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, na kisheria anayelipa ni mnunuzi. Ukiona umekatwa kwenye hati yako ya malipo, uliza palepale.

Mzee Katibu, sijasema chama kife. Chama kiendelee kukopa, ila kwenye daftari kila mwanachama awe na ukurasa wake: mifuko aliyopokea na tarehe, mitumba aliyoleta, kilo, daraja alilopewa na mteuzi, alichokatwa. Aliyemaliza deni lake alipwe chake bila kusubiri jirani. Aliyepigwa na mvua ya mawe au kuunguliwa bani akaguliwe ndani ya siku 7, na deni lake liingie kwenye mfuko wa majanga unaochangiwa kwa kilo na mkulima na mnunuzi kwa pamoja, tena mnunuzi atoe zaidi. Yeye ndiye anayechagua mbolea ipi ije na ije lini. Ikichelewa, hasara ni yake.

Isikizya_Uyui
Mnapigia hesabu senti 8 na hamuioni dola yenyewe. Bei inatangazwa kwa dola, mkulima analipwa shilingi. Kiwango ni cha siku gani, ya kuuza au ya kulipwa? Dola ikicheza shilingi 100 tu katikati, mwenye mauzo ya dola 1,500 ana tofauti ya shilingi 150,000.

Sikonge_Juu
Kweli kabisa. Na fedha zinapochelewa miezi miwili, ndipo vishada wanapopita na taslimu.

Ujiji_Ziwani
Hapo sasa tunaelewana. Naondoa neno "mnapakia", dada Mitumba unisamehe. Ila hiyo tarehe ya kiwango cha dola inaandikwa wapi? Kwenye mkataba wa chama na kampuni, au kwenye hati ya malipo?

Isikizya_Uyui
Idai iandikwe kote kuwili, na kabla mkutano mkuu wa chama haujapitisha makisio ya mazao na pembejeo za msimu. Mkishapitisha makisio, pembejeo zinaagizwa na hamna tena cha kushikilia.