Kipa wetu kapandishwa Providence katikati ya msimu. Inakuwaje?

BabaBaraka (Portland, Maine)
Habari zenu ndugu. Naomba mnieleweshe, maana hapa nyumbani kuna mtoto hajala vizuri tangu jana.

Sisi ni wa Uvira, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 12, sasa tuko Portland. Baraka ana miaka 11. Mwaka juzi walipewa shuleni tiketi za Maine Mariners, timu ya hoki ya barafu ya hapa, tukaenda pale Cross Insurance Arena, na tangu siku hiyo Jumapili mchana ni ya hoki. Kambini nilikuwa nadaka, kwa hiyo macho yangu yako kwa kipa tu. Huyu wetu, kabla ya kila kipindi, anagonga nguzo ya kushoto kwa fimbo, kisha ya kulia, halafu anakwangua barafu mbele ya goli kwa viatu vya kuteleza mpaka inakuwa nyeupe kama chumvi. Baraka anafanya vilevile sebuleni na soksi zake.

Jana tumefika, golini kuna mtu mwingine. Tumefungwa 5-2. Jirani wa kiti cha nyuma akasema kipa kaitwa timu ya juu, Providence, tangu Alhamisi. Ni Januari, ligi inaisha Aprili, na sisi tuko nafasi ya nne kwenye kundi, ya mwisho kuingia mtoano. Ameuzwa? Atarudi?

Mkongwe_Worcester
Baba Baraka, pole kwa kijana. Hajauzwa.

ECHL, ligi ya Mariners, ni ngazi ya tatu. Juu yake ni AHL, juu kabisa NHL. Mariners wako chini ya Boston Bruins, na katikati wako Providence Bruins. Makipa wa kwenu mara nyingi mikataba yao imesainiwa huko juu, nyinyi mmeazimwa tu. Kipa wa Boston akiumia nyama za paja Jumanne, wa Providence anapanda Boston, wa kwenu anapanda Providence, na kocha wenu anapiga simu ligi ya SPHL kule kusini atafute mtu wa kukaa benchi Ijumaa. Paja moja, makipa watatu wamefungasha mabegi. Paja likipona, wote wanashuka tena ngazi moja moja.

Nashabikia Railers, timu ya hapa Worcester, tangu walipoanza 2017, na nimeshaumia hivyo mara nyingi. Lakini msimulie Baraka habari za Jonathan Quick. Msimu wa 2007-08 alidaka Reading Royals, hawa hawa Reading mnaokutana nao, akadaka Manchester kwenye AHL, akadaka na Los Angeles Kings, vyote ndani ya msimu mmoja. 2012 akabeba Kombe la Stanley na kuwa mchezaji bora wa mtoano.

BabaBaraka
Ahsante sana mzee wangu. Hiyo ya Quick nimemsomea mara mbili. Ila bado naumia: mechi 72, halafu timu inachukuliwa mtu wakati ndiyo inamhitaji!

Halima_Lewiston
Shemeji, mimi nafanya usafi kwenye ukumbi mmoja wa hoki, nisikupotezee muda. Mnawalilia wanaopanda. Waangalieni na wasiopanda. Kuna mabeki wana miaka 30, hakuna anayewapigia simu kutoka juu, na wikiendi wanacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo. Wanatoka Trois-Rivières usiku, wanavuka mpaka wa Kanada wamelala kwenye basi, glavu mbichi zinaning'inia.

Jumapili moja nilimwona mmoja akivua kiatu. Kifundo cha mguu kimevimba kama embe, kina rangi ya biringanya. Alikaa nacho kwenye ndoo ya barafu, kimya. Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni kwa kandambili anasaini kofia za watoto, mpaka wa mwisho. Mkiingia mtoano ni kwa sababu ya hao. Baraka amchague mmoja wao, hatapotea Alhamisi.

Na uhamisho wote ligi hutangaza kila siku kwenye tovuti yake. Angalia asubuhi kabla hujamvalisha mtoto jezi.

Wanjiru_Nai
Mimi nilijifunza kuteleza kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi, kiwanja kidogo kabisa ukilinganisha na hicho chenu. Baba Baraka, mtoto anayekwangua sebule kwa soksi mpeleke barafuni. Viatu vya mtumba vinatosha, hakikisha tu vinambana kisigino.

BabaBaraka
Nimerudi. Halima shemeji, amechagua beki, yule mwenye ndevu. Viatu tumepata, Jumamosi tunaenda.

Jana usiku tuliwaangalia Providence kwenye simu. Kipa wetu alikaa benchi dakika zote 60, na kofia tu kichwani. Lakini wakati wa kupasha misuli walimwacha golini kidogo. Akagonga nguzo ya kushoto, kisha ya kulia. Baraka akaniambia, baba, rudisha nyuma tuone tena.